Pangani kwa Mtu Asiye na Mwenyeji

Mtu afikaye Pangani peke yake, asiye na jamaa wala barua ya kumtambulisha, huulizwa swali moja kabla hajaulizwa jina lake, nalo ni hili: "Umefikia kwa nani?" Mimi nililisikia mara ya kwanza ndani ya gari, tukiwa katikati ya zile kilomita 50 hivi zitokazo Tanga kwenda kusini, mikonge imetanda upande mmoja na minazi upande wa pili. Bibi aliyeketi ubavuni kwangu, ambaye kikapu chake kilikuwa magotini pangu kwa sababu magotini pake palikuwa na mjukuu, aliniuliza kwa upole. Nami nilipomjibu kwamba sifikii kwa mtu, nakwenda kutembea tu na jioni narudi, alinitazama kwa huruma ile apewayo mtu aliyefiwa ugenini. "Kutembea tu?" akasema. "Haya, mwanangu."

Nilishuka saa tatu za asubuhi. Pangani ni mji uliokaa ukingoni mwa mto pale mto unapokutana na bahari, na njia yake ya mbele, ifuatayo maji, imepangwa majumba ya mawe na chokaa, mengine yangali na milango ya nakshi, mengine yamekwisha kubaki kuta mbili na mti uliomea sebuleni. Mwenye haraka huyamaliza kwa nusu saa. Boma, lililojengwa na tajiri wa Kiarabu kabla Wajerumani hawajalifanya makao ya serikali yao, ndilo linalotangulia kuonyeshwa wageni, na ni nadra mtu kulipita asiambiwe kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wangali hai, ili jengo lipate kusimama imara. Riwaya hiyo siipimi kwa kamba ya waashi. Mji ambao majahazi yake yaliendelea kuvusha watu kwa siri kwenda Pemba, hata baada ya Seyyid Barghash kuyafunga masoko ya watumwa mwaka 1873, una haki ya kutoyaamini majumba yake.

Nilikunywa chai ya rangi kwa vitumbua sokoni, nikapita forodhani, nikakumbuka kwamba Shaaban Robert, kabla hajawa yule tumjuaye leo, alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyovitumikia. Hapana kibao wala picha niliyoiona inayolitaja jambo hilo, nami, kusema kweli, sikulalamika. Palikuwa na kijana akishusha magunia, na kazi ya forodha ndiyo hiyo.

Jua lilipokuwa kali nilitafuta kivuli, na kivuli kilikuwa barazani kwa watu. Wazee wanne walikuwa wamelizunguka bao. Nikaamkia, wakaitika, wakanisogezea nafasi bila kuinua macho, maana mkono wa mmoja wao ulikuwa safarini na kete zake hazijafika kituo. Ulipotua, yule mshindi, mzee mwembamba wa kofia ya kiua, akanigeukia na swali lile lile. Nikajibu kama nilivyomjibu bibi. Mzee akacheka, akasema, "Hata Nyundo hakufikia kwa mtu. Alifikia bendera."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeketi mahali penye historia kuliko Boma. Nyundo ni lakabu ambayo watu wa Mrima walimpa Emil von Zelewski, wakili wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliyekuja Pangani mwezi Agosti 1888 kuushika mji kwa mkataba ambao kampuni yake ilifunga na Sultani wa Unguja. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali akakataa. Wakashushwa askari kutoka manowari, na katika msako wao wakaingia msikitini na mbwa. Mzee alipofika hapo alinyamaza, akapanga kete zake upya, kana kwamba mbwa wale wameingia jana. Yaliyofuata yamo vitabuni: vita vya Abushiri bin Salim, ambaye mashamba yake ya miwa yalikuwa huku huku Pangani, pwani nzima ikatikisika, hata akakamatwa na kunyongwa katika mji huu tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi mzima. Na Nyundo naye? Wahehe walimwua huko Lugalo mwaka 1891. Mzee aliliarifu jambo hilo kwa sauti ile ile atangaziayo mchezo uliokwisha.

Akapita mwuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe. Nikanywa viwili, nikatoa noti ya shilingi 10,000, naye hana chenji. Nikawa napapasa mifuko kwa aibu, mara mzee akamwambia, "Muache huyo, amefikia kwangu," akalipa.

Adhuhuri ilipopita nilivuka kwa pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya kusini, pamoja na baiskeli, mbuzi watatu na lori la nazi. Baharia mmoja akaniuliza nimefikia kwa nani. Safari hii nilimtaja mzee wa kofia ya kiua, na mara ile ulimi wake ukafunguka. Akanionyesha maji, akasema mto huu umelemewa. Na kweli umelemewa: huanzia katika vijito vya Kilimanjaro na Meru, ukazuiwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ukanyweshwa mashamba, ukazungushwa mitamboni Hale ili miji ipate umeme, na kinachobaki kuifikia Pangani hakina tena nguvu ya kuisukuma bahari. Basi chumvi hupanda juu wakati wa bamvua, ikaingia mashambani, na minazi iliyopandwa na mababu hufa ikiwa imesimama. Kuhusu daraja la kuuvuka mto huo, ambalo habari zake zilikuwa zimejaa mjini, aliniambia analitaka kama raia na halitaki kama baharia.

Juu ya kilima cha Bweni niliutazama mji wote kwa mara moja, mabati yenye kutu, minara, na Boma likiwa dogo kama kiberiti. Nilikawia huko kuliko nilivyopaswa. Niliporudi, baraza ilikuwa tupu, wazee wamekwenda kuswali alasiri, na gari la mwisho la Tanga lilikuwa likipiga honi; nikalikimbilia.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kwenda Pangani, chukua chenji ndogo ndogo, ulizia baraza ya wacheza bao karibu na mto, na umlipie mzee wa kofia ya kiua vikombe viwili vya kahawa kwa niaba yangu. Akikuuliza umefikia kwa nani, mjibu unavyoona.