JIHADHARINI NA TARAKIMU INAYODANGANYA

Katika makao ya askari hapa Kampala, kuanzia Mbuya hadi Nsambya, wamo wanajeshi na polisi wenye mkono wa ufundi. Baada ya zamu, badala ya kupoteza jioni bure, hununua vipuri katika maduka ya katikati ya jiji, au hung'oa katika redio kuukuu za soko la Owino, wakaunda saa, vihesabio na vipimo vya betri za sola. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilipotoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, kilidhihirisha kwamba sisi nasi twaweza kuunda, wala si kutumia tu yaliyoundwa na wengine.

Hata hivyo, vyombo vya namna hii vina adui mmoja ambaye wengi humdharau: tarakimu isiyowaka sawasawa. Chombo kilichozimika kabisa hakimdhuru mtu, kwa kuwa hakuna atakayekiamini. Cha hatari ni kile kinachowaka nusu, kikasema uongo kwa uso mkavu.

Tarakimu ya taa za LED huundwa kwa vijiti saba vya nuru, ambavyo mafundi huvitaja kwa herufi, kuanzia a hadi g. Vyote vikiwaka, twasoma 8. Kijiti cha katikati kikizimika, 8 hugeuka kuwa 0. Kijiti cha juu kikizimika, 7 husomeka 1. Kijiti cha juu upande wa kulia kikizimika, 9 huwa 5. Macho hayaoni kasoro yoyote, kwa maana kila namba hiyo ni namba halali.

Tuchukue mfano wa betri ya asidi ya volti 12 inayolisha redio ya mawasiliano. Ikiwa imejaa na kupumzika, hupima karibu volti 12.8, ikipima 12.0, nguvu zake zimepungua sana. Baina ya namba hizo mbili pana kijiti kimoja tu. Kikizimika, betri nzima itarudishwa kuchajiwa bure. Lakini tone la lehemu likigusanisha miguu miwili, kijiti hicho chaweza kuwaka pasipo amri, na betri iliyochoka ikasomeka kuwa imejaa. Hapo redio itanyamaza usiku wa manane, saa ile ile ambayo lindo linaihitaji.

Basi hitilafu itafutwe vipi? Jibu letu ni moja: kwa utaratibu, kama bunduki inavyofunguliwa, kipande baada ya kipande.

Kwanza, tazama kabla ya kugusa. Zikizimika tarakimu zote, shuku chanzo cha umeme. Ikizimika tarakimu moja peke yake, shuku mguu wake wa pamoja au transista inayouwasha. Kijiti kile kile kikikosekana katika kila tarakimu, shuku waya au rezista inayovihudumia vyote. Zote zikififia, pima volteji.

Pili, pima umeme kwa mita pale pale kwenye miguu ya tarakimu, chombo kikiwa kinafanya kazi, wala usiridhike na kupima kwenye betri. Hakikisha pia kwamba hasi ya sehemu zote imeunganishwa pamoja.

Tatu, tambua aina ya tarakimu. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Zipo tarakimu ambazo mguu wake wa pamoja ni chanya, na nyingine ni hasi. Chipu ya 7447 huendesha zile za chanya. 4511 huendesha zile za hasi. Ukizichanganya, hutapata namba ya kuaminika, hata kama kila kipuri ni kizima.

Nne, jaribu kijiti kinachoshukiwa peke yake, umeme wa chombo ukiwa umekatwa. Tumia volti 5 kupitia rezista. Taa nyekundu hubakiza kwake karibu volti 2. Volti 3 zilizosalia, zikigawanywa kwa omu 330, hutoa karibu miliampea 9, kiasi kinachotosha kuiwasha bila kuiunguza. Kamwe usiiunganishe moja kwa moja na betri.

Kijiti kikiwaka, taa haina hatia. Rudi nyuma hatua kwa hatua: rezista, kiungo cha lehemu, kisha chipu. Tangu Nick Holonyak alipoonyesha taa nyekundu ya LED huko Marekani mwaka 1962, taa hizi zimejipatia sifa ya kudumu miaka mingi. Kwa hiyo kiungo kilicholehemiwa kwa mkono, kikafifia rangi au kupasuka, kishukiwe kabla ya taa yenyewe. Kipashe moto upya, uongeze lehemu kidogo. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na uliandike. Afanyaye mawili hatajua lipi lililoponya.

Mwisho, kagua kabla ya kutumia. Katika chipu ya 7447 na ya 4511, mguu wa 3 ni wa kujaribia taa. Ukitengwa na chanya na kuunganishwa na hasi, vijiti vyote saba hutakiwa kuwaka na kuonyesha 8. Asiyeitikia gwaride hilo hujulikana papo hapo. Lakini jaribio hili halimfichui kijiti anayewaka bila amri. Kwa ajili yake, linganisha chombo chako na mita unayoiamini, katika volteji mbili au tatu tofauti.

Ndugu askari, haitoshi chombo kuwaka. Tunaposoma namba na kuipeleka kwa wakubwa wetu kama taarifa, tunaweka dhamana yetu juu yake. Namba ambayo haijakaguliwa isiingizwe katika kitabu cha lindo.