KITUFE KABLA YA KUBONYEZWA: KIPANYA, KIDOKEZO NA UTATA WA MANENO

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitufe katika kiolesura cha kompyuta kinavyoweza kumwitikia mtumiaji pindi kielekezi cha kipanya kinapokifikia, hata kabla hakijabonyezwa. Suala hili huchukuliwa kuwa la wanakompyuta pekee, ilhali linamhusu mwanaisimu vilevile.

Tumchukulie mwuza nafaka wa soko la Kabati, Kaunti ya Kitui, anayeweka hesabu ya magunia ya ndengu kwa programu ya Kiswahili. Mbele yake pana kitufe kilichoandikwa “Funga”. Je, kitafunga dirisha tu, au kitafunga hesabu za siku zisibadilishwe tena? Kitenzi ni kimoja, matokeo ni mawili. Kadhalika “Futa” laweza kuondoa neno moja au rekodi nzima. Akikosea, kazi ya kutwa hupotea.

Katika lugha ya Java, kitufe cha Swing huwekewa kisikilizi chenye mbinu mbili: mouseEntered, inayoitwa kielekezi kinapoingia katika mipaka ya kitufe, na mouseExited, kinapotoka. Ya kwanza hubadili rangi, ya pili huirejesha. Mtunzi akiiacha ya pili, kitufe hubaki kimekolea ilhali kielekezi kimekwisha ondoka, na mtumiaji hupotoshwa. Mbinu ya setToolTipText nayo huongeza kidokezo, yaani maandishi yanayojitokeza baada ya milisekunde 750 na kutoweka baada ya sekunde 4, isipokuwa vipimo hivyo vibadilishwe.

Hapa ndipo isimu inapohitajika. Rangi huonyesha kuwa kitufe ki tayari, lakini haielezi maana. Kidokezo ndicho kiondoacho utata: “Hesabu za leo hazitabadilishwa tena.” Sekunde 4 zadai ufupi, na kitenzi cha Kiswahili, kibebacho kiambishi cha ngeli, ukanushi na wakati katika neno moja, chaufaa ufupi huo.

Hata hivyo, skrini ya simu ikiguswa kwa kidole haina kielekezi cha kuingia wala kutoka. Kwa hiyo onyo la lazima lisifichwe katika kidokezo. Lebo yenyewe itosheleze, kwa mfano “Funga dirisha” na “Funga hesabu”.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kudhihirisha kuwa programu za ofisini zaweza kutumia Kiswahili. Lililobaki kwa wanafunzi wa lugha ni kuhakikisha kuwa Kiswahili hicho chaeleweka kabla ya kidole kubonyeza.