Gari Ndogo na Gharama ya Kupuuza

Kila kunapopambazuka, barabara za kuingia mjini kutoka Mwanakwerekwe, Amani na Bububu hujaa gari ndogo za binafsi. Ndani yake wamo mwalimu aendaye skuli, muuguzi aendaye zamu, na mchuuzi aliyepakia matenga yake nyuma. Gari zilizokuwa anasa ya wachache sasa ni vyombo vya kazi vya watu wengi. Kwa hiyo inapoharibika gari ya namna hii, hasara haimfiki mwenyewe peke yake. Humfika mwanafunzi anayemngoja mwalimu na mgonjwa anayemngoja muuguzi.

Tuchukue mfano wa Toyota Vitz, ambayo kila mkaazi wa Unguja na Pemba anaijua. Gari hii ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999. Huko Ulaya iliitwa Yaris, na mwaka 2000 ikatunukiwa heshima ya kuwa gari bora ya mwaka. Injini yake ndogo kabisa ina ujazo usiofika hata lita moja, na kwa sababu hiyo hunywa petroli kidogo. Hata hivyo zile za toleo la kwanza, lililomalizika mwaka 2005, zote sasa zimetimiza umri unaozidi miaka 20.

Ni vyema tufahamu kwa nini gari hizi hutufikia. Sheria ya Japani inataka gari mpya ya binafsi ikaguliwe baada ya miaka mitatu, na baadaye kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona heri kuiuza gari kuliko kuipitisha tena. Nasi, kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, huipokea bila ya kubadilisha usukani. Basi tunaletewa gari iliyokaguliwa kwa nidhamu maisha yake yote. Tabu yetu ni kwamba gari huteremshwa bandarini Malindi, lakini ile nidhamu ikabaki ilikotoka.

Tunamjua muuguzi mmoja wa shamba aliyenunua gari kama hiyo kwa akiba ya miaka. Siku moja mpira wa maji ya rejeta ulianza kuvuja. Fundi wake akamwambia asiwe na wasiwasi, aongeze maji kila asubuhi. Akafanya hivyo, tena kwa maji ya kisima kilicho karibu na pwani. Chumvi ikaila rejeta kwa ndani na kuziba njia zake, injini ikachemka barabarani, hedi ikapinda na gasketi ikaungua. Mpira ule ungemgharimu pesa za kitoweo cha siku mbili tatu. Injini ya mtumba aliyolazimika kuinunua ilimla mshahara wa miezi mitatu, na gari ikalala chini ya mwembe miezi minne.

Kisa hiki si cha ajabu, na ndani yake limo fundisho lote tunalotaka kulitoa. Katika gari ndogo iliyozeeka, tengenezo kubwa aghalabu ni tengenezo dogo lililoahirishwa. Hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu, madini ambayo hupinda upesi yakipata moto wa kupita kiasi. Isitoshe, nyingi katika gari hizi hazina mshale wa kuonyesha joto. Zina taa tu, na taa nyekundu inapowaka jambo huwa limekwisha kuharibika. Wapo pia mafundi wanaoing'oa termostati kwa kudai kuwa nchi yetu ni ya joto. Huo si utaalamu. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na huchakaa mapema.

Baada ya maji huja oili. Injini za Vitz hutumia mnyororo badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000, na wengi hudhani kuwa mnyororo hauhitaji kuangaliwa. Kumbe kifaa kinachoukaza mnyororo huo hutegemea msukumo wa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, mnyororo hulegea na huanza kugonga, hasa asubuhi gari inapowashwa. Injini nyingi za umri huu nazo huunguza oili kwa sababu ya kuchoka kwa ringi za pistoni, na dalili yake ni moshi wa rangi ya buluu. Kuifungua injini na kubadilisha ringi ni gharama nzito. Kuchungulia kijiti cha oili kila wiki hakuna gharama yoyote.

Hali ni hiyo hiyo kwa miguu ya mbele. Jointi ya ekseli hufunikwa na mpira unaohifadhi grisi. Mpira ukipasuka, mchanga na maji huingia, na baada ya muda mfupi gari hulia kila inapokata kona. Aliyeuwahi mpira amenunua mpira. Aliyechelewa hununua jointi nzima. Bushi na boljointi nazo zikilegea hula tairi upande mmoja, na boljointi ikichomoka gari ikiwa kwenye mwendo, hapo hatuzungumzii tena gharama, tunazungumzia roho za watu. Vile vile mafuta ya breki hunyonya unyevu, nao unyevu ni mwingi visiwani mwetu. Yanapasa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Zipo pia Vitz zilizotoka baada ya mwaka 2005 zenye giaboksi isiyo na gia za kawaida, bali utepe wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili. Giaboksi hiyo ina oili yake mahsusi. Anayetia oili nyengine kwa kuwa ni rahisi, huiua giaboksi kwa mkono wake mwenyewe.

Na juu ya yote hayo, sisi ni watu wa bahari. Upepo wa chumvi hula vyuma vya chini ya gari mahali ambapo jicho halifiki. Gari iliyopita ufukweni, au iliyovuka baina ya visiwa ikirushiwa maji ya bahari, yataka kuoshwa tumboni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, wala si kung'arishwa ubavuni tu ipendeze.

Mali ni amana, na israfu haiwi katika kutumia kwingi peke yake. Kuacha kitu kiharibike nako ni israfu. Tena kila injini na kila giaboksi tunayoiagiza kwa sababu ya uzembe hulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo zingeweza kununua dawa na vifaa vya skuli.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa pande tatu. Wenye gari waweke daftari la matengenezo. Mafundi waache desturi ya kubahatisha, na vijana wao wapelekwe wakapate elimu katika vituo vya mafunzo ya amali, vikiwemo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Wakuu wa serikali nao wahakikishe kwamba spea bandia, hasa za breki na za miguu ya mbele, haziuzwi madukani kama kwamba ni halisi, na kwamba ukaguzi wa gari unafika chini ya gari, hauishii kwenye taa na honi. Gari za serikali zenyewe ziwe za kwanza kutoa mfano, kwani gari ya umma iliyotelekezwa kwa kukosa filta ni aibu yetu sote.

Lakini lililo jepesi lisingoje amri ya mtu. Kesho asubuhi, injini ikiwa bado baridi, kila mwenye gari afungue boneti, atazame maji, achomoe kijiti na atazame oili, kisha ainame achungulie chini kama pamevuja. Kazi hiyo haifiki dakika tano.