Kwa nini sauti ya redio inakatika kisha dakika nne? Shida iko mara nyingi kwenye swichi

Fundi wa redio anaunganisha studio na masini ya kurusha kwa njia ya rezo. Sauti inapita muzuri. Kisha dakika nne hivi, kimya. Anazima swichi, anaiwasha, sauti inarudi, halafu inakatika tena. Wasikilizaji wanafikiri umeme umekwenda. Fundi anataka kununua swichi ingine. Lakini mara nyingi swichi ni nzima, mpangilio wake njo haujakamilika.

Masini mingi za studio zinatuma sauti kwa multikasti. Kwa njia ya kawaida, sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ikiombwa na masini 20, inatumwa mara 20, yaani kilobiti 2560. Kwa multikasti inatoka mara moja tu, na swichi njo inaigawa. Adresi zake zinaanzia 224.0.0.0 mpaka 239.255.255.255, zile za kutumia ndani ya nyumba zinaanza na 239.

Swichi isiyopangwa inafanya kama mupiga mbiu wa kijiji: kila mutu anasikia, hata asiyetaka. Ndiyo maana kuna IGMP snupingi. Swichi inasikiliza masini gani imeomba sauti, inaiandika kwenye liste, na inatumia hiyo peke yake.

Lakini jina haliandikwe kwa milele. Kwa kawaida, masini isiposikika kwa sekunde 260, inafutwa. Kwa hiyo lazima kuwe muulizaji, anayeitwa kwerieri, wa kuuliza kila sekunde 125: «Nani angali anataka?» Mahali hakuna muulizaji, hakuna anayejibu, na jina linafutwa. Njo zile dakika nne.

Dawa ni kuwasha kwerieri kwenye swichi moja na kuipa adresi ya IP. Wengine wanazima snupingi. Kweli, sauti inarudi, lakini inamwagika kwenye kila mulango wa swichi, na antena ndogo inayopeleka sauti kilimani inaweza kulemewa.

Kama studio na masini ya kurusha ziko kwenye VLAN mbili, hiyo haitoshi. Inahitajika swichi yenye uwezo wa kufanya kazi ya ruta. Fundi anawasha kwanza ruting ya multikasti, kisha PIM-SM kwenye VLAN zote mbili, halafu anataja adresi ya RP, ni kusema mahali pa kukutania. Mwisho anaangalia TTL ya masini inayotuma: ikiwa 1, sauti haivuke.

Multikasti haipunguze mega za musikilizaji wa telefone, maana kwa kawaida haipite kwenye intaneti ya wote. Faida yake iko ndani ya rezo ya redio.

Kisha kupanga, fundi asiondoke mara moja. Aache muziki upige dakika kumi. Tangazo la kolera au la barabara iliyofungwa likikatika katikati, aliyeko kijijini hajui kama lilikuwa na mwisho.