Fungate Mboko: Malaria Haimjui Mwenyeji

Mume na mke wa Kibelgiji wanaotaka kupiga mbizi katika Ziwa Tanganyika hupita kwanza kliniki ya wasafiri. Huchomwa sindano, huandikiwa vidonge, hununua chandarua na dawa ya kujipaka. Mume na mke wenye asili ya Mboko, wanaoishi Marekani au Australia na wanaotaka kukaa fungate kwa wazee wao, mara nyingi hawapiti popote. Wananunua tiketi na zawadi, basi. Kwani nani huenda kwa daktari kabla ya kumsalimia mama yake?

Hao wa pili ndio wanaougua zaidi. Marekani huandikisha wagonjwa wapatao 2,000 wa malaria kila mwaka. Karibu wote wameipata nje ya nchi, na kundi kubwa kati yao ni watu waliokwenda Afrika kuwaona jamaa, wala si watalii. Makala haya yanawahusu wawili hao: kwa nini wao wako hatarini zaidi kuliko mgeni asiyejua hata neno "bukari", yaani ugali, na wafanye nini ili safari iwe ya kusimuliwa.

Safari yenyewe ina mvuto. Mboko iko kando ya ziwa katika wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Uvira hadi Baraka. Nyuma yake milima inapanda kuelekea Itombwe, na mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Familia nyingi za huku zilivuka maji hayo kwenda Kigoma vita vilipoanza mwaka 1996, zikapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, na miaka baadaye baadhi yao zikapelekwa Marekani, Kanada na Australia. Ndiyo maana katika ndoa moja mume anaweza kuwa aliondoka Mboko akiwa na miaka sita, na mke akawa amezaliwa kambini na kuijua Mboko kwa masimulizi tu. Sasa wanataka kuogelea, kupanda milima, kwenda ziwani usiku na wavuvi wa ndagala, wale samaki wadogo. Wanastahili. Ila wajue damu yao imebadilika.

Kinga inayopungua

Mtoto anayekulia Mboko huumwa na mbu wenye malaria tena na tena. Miaka mitano ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa. Wengi hufariki katika umri huo. Anayepona hubaki na kinga ya sehemu. Kimelea cha malaria kali, falsiparamu, kikiingia ndani ya seli nyekundu huweka juu yake protini inayokisaidia kunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na kila mara hubadilisha protini hiyo ili kingamwili zisiitambue. Mtu aliyeumwa mara nyingi huwa ameshaziona sura nyingi za kimelea hicho. Ndiyo maana mtu mzima wa Mboko anaweza kutembea sokoni akiwa na vimelea kwenye damu bila homa yoyote.

Kinga hiyo haidumu yenyewe; inahitaji kukumbushwa na mbu. Ukikaa miaka michache Kentucky au Brisbane, kingamwili zinapungua na homa inarudi na nguvu zake zote. Aliyezaliwa huko hana hata hiyo kidogo. Kinachobaki ni kile cha kurithi tu. Mwenye jeni moja ya selimundu, kwa mfano, ana ulinzi mkubwa dhidi ya malaria kali popote aendako, lakini bado ataambukizwa, na wengi hawajawahi kupima kujua kama wanayo.

Mbele ya mbu, basi, wanandoa hawa wanafanana na mpelelezi Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence, waliofika Ziwa Albert tarehe 14 Machi 1864. Hao wawili walisafiri bila kinga yoyote ya mwili, kwinini ikawaishia njiani, na homa ikawalaza wote wawili. Kabla ya kufika ziwani Florence alizimia kwa siku kadhaa baada ya kuchomwa na jua, hata watu wao wakaanza kutafuta mahali pa kumchimbia kaburi. Walipona. Tofauti ni kwamba wao walijua kuwa ni wageni.

Na malaria ya Kongo si ya mchezo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 263 duniani na vifo 597,000. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ilibeba takriban mgonjwa mmoja kati ya kila wanane.

Vidonge vya wawili

Nendeni kliniki pamoja, wiki sita kabla ya safari, kwa sababu dawa inayomfaa mume huenda isimfae mke. Klorokwini ya zamani haifai tena Kongo. Zinazotumika zaidi ni tatu. Atovakwoni-proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka. Ni ghali lakini haina usumbufu mwingi. Doksisaiklini ni rahisi mfukoni, ila inaendelea wiki nne baada ya kurudi, na hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, jambo la kufikiria kwa watu watakaoshinda ufukweni. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, lakini huleta ndoto mbaya kwa baadhi ya watu, na aliyewahi kuugua sonona au kifafa hapewi.

Kwa wanandoa wapya kuna swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, kama mimba itaingia huko huko? Lisemeni. Katika mimba, hasa ya kwanza, vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo kinga ya mama haijawahi kukutana navyo. Mama huishiwa damu, mtoto huzaliwa mdogo au hupotea. Kati ya dawa tatu hizo, meflokwini ndiyo hutumika zaidi kwa mjamzito. Nyingine mbili kwa kawaida huepukwa. Chanjo ya homa ya manjano nayo kwa kawaida haipewi mjamzito isipokuwa hatari iwe kubwa, na bila cheti chake hamtavuka mpaka wa Kongo. Ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Ukishachanjwa, cheti kinatosha maisha yote tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2016.

Mtasikia ushauri mwingine nyumbani: chai ya artemisia, mwarobaini, au "mtoto wa hapa hafi na malaria." Artemisia ina kiini kinachotumika kutengeneza dawa halisi, lakini kikombe cha chai hakina kipimo kinachoaminika, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia kwa kinga wala kwa tiba. Kunyweni kwa heshima ya bibi kama mnapenda, kisha mmeze kidonge.

Chandarua chukueni chenu, chenye dawa. Kando ya Ziwa Tanganyika vyandarua vingi vya msaada huishia majini kuvulia samaki wadogo. Ukipita ufukweni utaviona vimeshonwa pamoja na kuanikwa juani karibu na ndagala. Msiwalaumu wavuvi, lakini msitarajie kukuta kimoja kitandani. Mbu wa malaria huanza kazi jua linapozama na huendelea hadi alfajiri, saa zile zile mtakazokaa nje kutazama taa za wavuvi zikijipanga ziwani. Vaeni mikono mirefu, jipakeni dawa yenye DEET ya asilimia 30 hivi.

Maji mazuri, maji mabaya

Maji ya Tanganyika ni maangavu, na uangavu huo hudanganya. Kichocho hakionekani kwa macho. Mayai yake hutoka na choo cha mtu, huanguliwa majini na kuingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa penye majani na maji matulivu. Jua likipanda, hasa mchana, konokono hutoa maelfu ya viluwiluwi visivyoonekana, na kila kimoja kinaweza kupenya ngozi ya muogeleaji ndani ya dakika chache. Kwa hiyo epukeni midomo ya mito, penye matete na pale akina mama wanapofulia. Ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi, au maji ya kina mbali na nchi kavu, una hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri. Kujifuta haraka kwa taulo hakutoshi. Mkirudi, pimweni baada ya wiki sita hadi nane hata kama hamuumwi. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa na si michanga. Ukiimeza mapema sana unajidanganya.

Kipindupindu ni jambo jingine. Kimekuwa cha kudumu kwenye mwambao huu kwa miongo mingi. Uvira, Baraka na vijiji vilivyo kati yake hukijua kila mwaka. Chanjo ya kumeza ipo, ulizeni kliniki. Maji ya kunywa yachemsheni au tieni klorini, na kwenye karamu chagueni kinachotoka jikoni kikifuka moshi: bukari, sombe, mikebuka wa kukaanga. Kachumbari iacheni ipite. Mtu akianza kuhara maji matupu, msingoje kesho. Changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kila anapopoteza maji, huku mkitafuta kituo cha afya au hospitali kuu ya Nundu. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na anayerudishiwa maji mapema karibu kila mara hupona.

Kuna pia mpox. Aina mpya iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini hii hii, mwaka 2023, ikasambaa sana kwa kugusana ngozi, ikiwemo kujamiiana. Mkiona upele wenye malengelenge na homa kwa mmoja wenu, laleni mbali hadi daktari aseme.

Kisha boti. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani na kuinua mawimbi ambayo mgeni hadhani yanaweza kutokea ziwani. Hata nje ya msimu huo hatari ipo: Desemba 2014 meli Mutambala, iliyotoka Kalemie kuelekea Uvira, ilizama na watu zaidi ya 100 wakafa. Jaketi okozi zinunueni mnakotoka, mbili, za uzito wenu, mzivae na si kuzikalia. Safiri mchana. Nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee pesa ili abadili nia.

Njia na bima

Siwezi kuandika juu ya Fizi nikanyamaza kuhusu silaha. Makundi yenye silaha yamo wilayani humu kwa miaka mingi, na tangu Bukavu ilipotekwa na waasi Februari 2025 usalama wa Kivu Kusini umekuwa wa kubadilika wiki kwa wiki. Anayejua hali ya barabara ni mtu wa Mboko aliyepita jana. Mpigieni simu kabla ya kuondoka Bujumbura au Kigoma. Someni pia bima yenu. Nyingi hazilipi kitu ukienda mahali ambapo serikali yako imeonya watu wasiende, na kusafirisha mgonjwa kwa ndege kutoka hapo kunaweza kumaliza akiba ya miaka. Kama mwaka huu haipitiki, ziwa ni hilo hilo upande wa Kigoma: mbuga ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, na Mahale kusini zaidi. Wazee wanaoweza kusafiri watawavukia huko. Ushauri wa malaria na kichocho hautabadilika hata herufi moja.

Mkisharudi

Malaria ya falsiparamu huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu hadi homa ya kwanza, na mara nyingi wiki mbili au zaidi. Maana yake ni kwamba wengi hawaugulii Mboko. Wanaugulia Louisville, wakiwa wamerudi kazini, mbele ya daktari ambaye huenda hajamwona mgonjwa wa malaria tangu chuoni. Atasema ni mafua. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya kwanza ni dharura, hata kama mlimeza vidonge vyote, na hadi mwaka mzima bado inafaa kushukiwa. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, semeni kabla ya kuulizwa kwamba mmetoka Kongo, na ombeni kipimo cha malaria. Kikionyesha hamna, kirudiwe ndani ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu, kwa sababu vimelea vichache vya mwanzo vinaweza kukosekana kwenye tone moja la damu. Na mmoja wenu akikutwa nayo, mwingine naye apimwe, hata akijisikia mzima: mlilala chandarua kimoja na kukaa ufukweni jioni zile zile.