Moyo Mwema Hautoshi: Fundisho la Grenfell kwa Wanaogawa Mali ya Sadaka

Usiku wa kuamkia Juni 14, 2017, jengo la ghorofa 24 liitwalo Grenfell, magharibi mwa London, lilishika moto. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Habari za siku zile zilieleza kwamba baadhi ya wakazi Waislamu, waliokuwa macho kwa ajili ya daku, waligonga milango ya jirani zao ili waamke na kukimbia. Hata hivyo, watu 72 walipoteza maisha.

Kulipopambazuka, mji mzima ulikuwa umeanza kutoa. Misikiti, makanisa na kumbi za mtaa zilifungua milango. Al-Manaar, kituo cha Waislamu kilicho jirani na jengo hilo, kiliwapokea waathirika wa dini zote. Nguo na vyakula vilirundikana hadi vikakosa pa kuwekwa, na michango ya fedha ikapita pauni milioni 20.

Ndipo ulipojitokeza mtihani wa pili. Fedha hizo ziliingia katika mifuko mbalimbali, na kila mfuko ulikuwa na wadhamini wake na utaratibu wake. Wiki zikapita huku malalamiko yakienea kwamba fedha zimechangwa lakini waliofikwa na msiba hawajaziona. Ndugu msomaji, hebu tafakari hali ya mtu aliyetoka katika moto mikono mitupu, kisha akatakiwa kujieleza kwa mfuko huu, na kesho kwa mfuko mwingine. Mambo hayo huweza kutokea bila mtu yeyote kuiba hata senti moja. Inatosha tu wenye kugawa wawe hawajazoea kufanya kazi pamoja.

London kuna chama kiitwacho London Funders. Wanachama wake ni taasisi za hisani, halmashauri za mji na makampuni yanayotoa misaada. Kazi yake kubwa ni kuwakutanisha wenye kugawa, ili wajifunze kazi yao na wafahamiane kabla ya siku ya msiba. Baada ya Grenfell, wafadhili hao walikaa chini kutafakari yaliyowafika, yaliyofaulu na yaliyokwama.

Matunda yake yalionekana mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia. Kwa desturi, kikundi kidogo kinachopika chakula cha wazee kingelazimika kuandika maombi tofauti kwa kila taasisi. Safari hii wafadhili zaidi ya 60 walikubaliana kutumia fomu moja. Kikundi kiliomba mara moja, na wafadhili wenyewe wakaelewana nani atalibeba ombi lipi. Walipobaini kwamba vikundi vya jamii za wachache vinaweza kuachwa nyuma, waliyashirikisha mashirika yanayoaminika ndani ya jamii hizo, ili yavisaidie kuomba na yawashauri wafadhili.

Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni taasisi ambayo historia yake haitakuwa ngeni kwa anayejua wakfu. Tangu karne za kati, wakazi wa London walitoa ardhi na nyumba ili kodi zake zitunze daraja la mji. Mali hiyo ilikua hadi ikazidi mahitaji ya madaraja, na tangu mwaka 1995 ziada yake hutumika kusaidia wenye shida mjini humo. Asili ya mali imebaki na manufaa yake yanagawiwa.

Sisi tunaujua mfano ulio mkongwe zaidi. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Akaelekezwa kuizuia ardhi yenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Katika masharti ya wakfu huo, msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema kutokana na mazao hayo, bila kujilimbikizia mali. Tangu hapo usimamizi ulitambuliwa kuwa ni kazi yenye haki zake, na kazi yoyote hujifunzwa.

Basi mgawaji hujifunza nini? Hujifunza kusoma hesabu za kikundi kidogo na kuuliza maswali yanayolingana na kiasi cha fedha. Hutangaza mapema kwamba mwombaji ni jamaa yake, kisha hujiweka kando. Humweleza aliyekataliwa sababu ya kukataliwa. Hukitembelea kikundi bila kukigharimu kuku na soda. Na hujifunza kupokea habari za kushindwa bila kumwadhibu aliyesema kweli, kwani anayeogopa kunyimwa ataandika taarifa tamu tu.

Afrika Mashariki nayo ina mtandao wa namna hiyo, ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye makao yake Nairobi, unaoziunganisha taasisi zinazotoa misaada katika nchi zetu. Lakini kujifunza huku hakuhitaji kusubiri semina ya hotelini. Kila Ramadhani tunayaona mitaani kwetu: mjane anayekaa karibu na barabara hupelekewa futari na kamati tatu, na mjane wa uchochoroni hapati hata tende. Kamati zote tatu zina ikhlasi. Kilichokosekana ni kikao kimoja.

Kikao hicho chaweza kufanyika mwezi wa Shaabani, ukumbini au hata kibarazani. Kila kamati ije na orodha yake, orodha zilinganishwe, mitaa igawanywe, na akina mama wanaozijua nyumba zenye shida wawe wajumbe wenye sauti. Siri za wahitaji zihifadhiwe. Baada ya Idi wakutane tena, waulizane ni nani aliyesahauliwa.

Mwenye kutoa amekwisha kutimiza lake. Amana iliyobaki imo mikononi mwa wenye kugawa, na mjane wa uchochoroni anawasubiri wao.