Mazoezi kama Somo, Video kama Kioo: Ufundishaji wa Mpira wa Kikapu Shuleni kwa Kuzingatia Mazingira ya Nambambo, Nachingwea

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi mazoezi ya mpira wa kikapu yanavyoweza kuendeshwa kama somo, na jinsi kipindi cha kutazama video kinavyoweza kuwa sehemu ya somo hilo badala ya kuwa burudani au baraza la kulaumiana. Hoja ya msingi ni kwamba video haifundishi yenyewe. Hufundisha pale tu inapotanguliwa na lengo lililofundishwa uwanjani na kufuatiwa na zoezi linalosahihisha kilichoonekana. Hoja hiyo inajengwa kwa kutumia uchunguzi wa Ronald Gallimore na Roland Tharp kuhusu kocha John Wooden, nadharia ya Albert Bandura ya ujifunzaji kwa kutazama, na mazingira ya shule za Nambambo, kata iliyomo katika Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi.

1.0 Utangulizi

Mpira wa kikapu ulizaliwa mikononi mwa mwalimu. Mwezi Desemba 1891, James Naismith, aliyekuwa akifundisha elimu ya viungo mjini Springfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alibuni mchezo wa kuchezwa ndani ya jengo ili kuwashughulisha wanafunzi wake wakati wa baridi. Kanuni zake za awali zilikuwa 13. Kwa hiyo uhusiano kati ya mchezo huu na darasa ni wa tangu mwanzo.

Nchini Tanzania, mchezo huu umo katika Umoja wa Michezo wa Shule za Sekondari Tanzania (UMISSETA), ambao mashindano yake huanzia ngazi ya shule na kupanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Mwaka 2019 na mwaka 2021, ngazi ya taifa ilifanyika Mtwara, mkoa unaopakana na Lindi. Kwa mwanafunzi wa Nachingwea, ngazi hizo ndizo njia ya wazi ya kuonekana nje ya wilaya yake.

Tatizo liko katika muda. Mchujo unapofanyika, huchaguliwa yule ambaye tayari anaweza. Kimo na mbio huonekana kwa siku moja, lakini uwezo wa kusoma mchezo, yaani kujua lini utoe pasi, lini urushe na wapi usimame, hauonekani upesi wala haujengwi katika kambi ya siku chache. Mwanafunzi ambaye hakufundishwa mambo hayo shuleni kwake huachwa si kwa sababu hana kipaji, bali kwa sababu hakuna aliyempa maarifa ya kukidhihirisha.

Mfano wa Hasheem Thabeet unasaidia kulieleza jambo hili. Mzaliwa huyu wa Dar es Salaam alianza kucheza akiwa na umri wa takriban miaka 15, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Kisa chake husimuliwa zaidi kama habari ya kimo. Hata hivyo, kati ya umri wa miaka 15 na uteuzi huo kuna miaka ya mazoezi ya mpangilio, ikiwamo ile aliyoitumia katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo kilimfungulia mlango, lakini mafunzo ndiyo yaliyompitisha. Swali linaloongozwa na makala hii ni hili: shule isiyo na vifaa vingi inaweza kutoa mafunzo ya namna hiyo kwa utaratibu gani?

2.0 Mazoezi Yenye Sura ya Somo

Katika msimu wa 1974/75, wanasaikolojia Gallimore na Tharp walikaa pembeni mwa uwanja wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), wakaandika kila tendo la ufundishaji la kocha John Wooden katika mazoezi 15. Wooden alikuwa amepata kuwa mwalimu wa lugha ya Kiingereza, na timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975. Watafiti hao, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1976, waliandika matendo 2,326. Takribani asilimia 75 ya matendo hayo yalibeba taarifa ya kufundisha: nini kifanyike, kifanyike vipi na lini. Sifa zilikuwa asilimia 6.9 tu, na makaripio matupu asilimia 6.6.

Takwimu hizo zinapinga dhana iliyozoeleka kwamba kazi kubwa ya kocha ni kuhamasisha. Maneno kama “Jitahidi!” au “Amka!” humweleza mchezaji kwamba kuna kasoro, lakini hayamwambii kasoro hiyo ni ipi. Kauli kama “Msubiri mlinzi akukabili, ndipo utoe pasi” ina kitendo, ina wakati na ina sababu. Mchezaji anaweza kuitekeleza katika mzunguko unaofuata, na kocha anaweza kuona kama imetekelezwa. Wooden alifuata hatua za kueleza, kuonyesha, kuiga, kusahihisha na kurudia, na maonyesho yake yalichukua sekunde chache tu. Ufupi huo haukuwa wa bahati, kwani alitumia muda mrefu kupanga kila zoezi kabla ya kuingia uwanjani.

Kwa mwalimu wa Tanzania, utaratibu huu si mgeni. Kila anayefundisha darasani anajua azimio la kazi na andalio la somo. Anajua kwamba kipindi kina lengo mahususi, hatua, zana na tathmini. Mwalimu huyohuyo anapokwenda uwanjani jioni anaweza kujikuta na mpira na filimbi tu, akiwaacha wanafunzi warushe ovyo kisha wagawane timu mbili. Pendekezo la makala hii ni kwamba andalio la somo livuke mlango wa darasa na kufika uwanjani.

Tuchukue lengo moja: ifikapo mwisho wa zoezi, mchezaji mwenye mpira, katika hali ya washambuliaji wawili dhidi ya mlinzi mmoja, aweze kuamua kwa usahihi kati ya kutoa pasi na kwenda kufunga. Zoezi la dakika 60 linaweza kupangwa hivi:

(i) Dakika 5 za maswali kuhusu zoezi lililopita;
(ii) Dakika 10 za maonyesho mafupi na kuiga, kwanza bila mlinzi;
(iii) Dakika 20 za wawili dhidi ya mmoja, mlinzi akibadilisha mbinu: mara anamfuata mwenye mpira, mara anarudi nyuma;
(iv) Dakika 20 za mchezo wa watatu dhidi ya watatu kwenye kikapu kimoja;
(v) Dakika 5 za tathmini, wachezaji wakieleza walichojifunza.

Hatua ya tatu inahitaji maelezo. Mlinzi akifanya jambo lilelile kila mara, mshambuliaji hukariri mwendo bila kujifunza kuamua. Utafiti wa Shea na Morgan wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba mazoezi yanayochanganya kazi mbalimbali huonekana magumu na yenye makosa mengi yanapofanyika, lakini kinachojifunzwa hudumu zaidi kuliko pale kazi moja inaporudiwa mfululizo. Kocha asiyejua jambo hili anaweza kuliacha zoezi zuri kwa sababu tu lina makosa mengi siku ya kwanza.

3.0 Kipindi cha Video kama Mwendelezo wa Somo

Bandura, katika nadharia yake aliyoifafanua mwaka 1977, alibainisha michakato minne ya kujifunza kwa kutazama: usikivu, uhifadhi, utendaji na motisha. Mtazamaji hujifunza iwapo ameelekeza macho penye jambo linalohusika, amelihifadhi akilini, anao uwezo wa kulitenda na anayo sababu ya kulitenda. Michakato hiyo inaeleza kwa nini kuonyesha mchezo mzima wa saa nzima hakuleti faida kubwa. Macho ya wanafunzi hufuata mpira na vichekesho, huku jambo lililokusudiwa likipita bila kuonwa.

Kwa msingi huo, kipindi cha video kinapaswa kuwa kifupi na chenye lengo lilelile la zoezi. Vipande vitatu au vinne vya sekunde chache vinatosha. Kocha husimamisha picha kabla ya uamuzi na kuuliza: “Mlinzi amemwelekea nani? Mwenzako yuko wapi? Ungefanya nini?” Wachezaji hujibu kwanza, kisha picha huendelea. Kusimamisha huko kunaelekeza usikivu, na kujibu kunasaidia uhifadhi. Baada ya hapo wachezaji hurudi uwanjani kuirudia hali ileile, na hapo ndipo utendaji hukamilika. Video isiyofuatwa na zoezi huishia katika hatua mbili za mwanzo.

Suala la motisha linahitaji uangalifu wa pekee. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na hapo ndipo ilipo thamani ya video: humwonyesha mchezaji asichoweza kukiona akiwa ndani ya mchezo. Lakini kioo hichohicho kinaweza kumvunjia mtu heshima mbele ya wenzake. Mchezaji aliyechekwa kwa kosa lake hujifunza kuukwepa mpira ili asionekane tena. Ni busara kuanza na kipande ambamo lengo limefikiwa, kuzungumzia uamuzi badala ya mtu, na kumwita pembeni mchezaji mwenye kosa la kujirudia. Swali linaloongoza si “Nani alikosea?” bali “Picha inatuambia nini?”

Kwamba kutazama ni kazi ya kitaaluma kunathibitishwa na historia ya Erik Spoelstra. Alijiunga na Miami Heat mwaka 1995 akifanya kazi katika chumba cha video, akawa kocha mkuu mwaka 2008, na timu yake ikatwaa ubingwa wa NBA mwaka 2012 na 2013. Kazi ya kuchambua picha haikuwa pembeni mwa ukocha wake. Ndiyo iliyokuwa shule yake.

4.0 Matumizi katika Mazingira ya Nambambo

Historia ya Nachingwea ina funzo kuhusu vifaa. Wilaya hii ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mitambo mikubwa ililetwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha, na mpango ukashindwa. Kuleta kamera na kompyuta bila kwanza kubadili namna ya kufundisha ni kurudia kosa la aina hiyo kwa kiwango kidogo.

Kinachohitajika hasa ni kidogo: kikapu kimoja chenye ukingo ulio mita 3.05 kutoka ardhini, mpira, daftari la maandalio na simu moja ya mwalimu. Mchezo wa watatu dhidi ya watatu unafaa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, unatumia nusu ya uwanja, na unatambuliwa kimataifa. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Pili, simu iliyowekwa mahali pa juu nyuma ya mstari wa katikati inaweza kuwanasa wachezaji wote sita kwa pamoja, jambo lililo gumu katika uwanja kamili wa mita 28 kwa 15. Mwalimu hurekodi dakika chache za hatua ya nne, huchagua vipande, kisha hufuta vilivyobaki ili kuokoa nafasi ya kuhifadhia. Pasipo projekta, wachezaji hutazama katika makundi ya wanne wanne huku wengine wakiendelea na zoezi.

Siku ambayo simu haina chaji, somo halisimami. Mwanafunzi aliyepumzika anaweza kupewa jedwali la uchunguzi na kuweka alama kila hali ya wawili dhidi ya mmoja inapotokea: pasi sahihi, pasi iliyochelewa, au mrusho uliolazimishwa. Gallimore na Tharp nao walifanya kazi yao kwa kutazama na kuandika. Zaidi ya kuleta takwimu, jedwali hilo humfundisha anayeliandika kuusoma mchezo.

Kalenda nayo izingatiwe. Kusini mwa Tanzania kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na uwanja wa udongo huenda usitumike siku nyingi. Badala ya kuufunga mchezo msimu huo, mwalimu anaweza kutumia chumba cha darasa kuchambua vipande vilivyohifadhiwa, na kurejea uwanjani kila jua linaporuhusu.

5.0 Mipaka na Tahadhari

Uchunguzi wa UCLA ulihusu kocha mmoja, wachezaji wa chuo kikuu na nchi yenye uwezo mkubwa. Hauthibitishi kwamba asilimia zilezile zinafaa kwa wanafunzi wanaoushika mpira kwa mara ya kwanza, ambao pengine wanahitaji kutiwa moyo zaidi. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni ya kutoa taarifa, si hesabu yake.

Tahadhari ya pili ni ya kimaadili. Wanaorekodiwa ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinatoa msingi wa kuilinda hadhi na faragha yao. Ridhaa ya mzazi na ya mkuu wa shule itangulie, picha zitumike kwa mafunzo pekee, na zisisambazwe katika makundi ya simu. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wasichana, kwani picha moja iliyosambazwa inaweza kumfanya mzazi amwondoe binti yake mchezoni moja kwa moja.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba zoezi na video ni sehemu za mzunguko mmoja: lengo, zoezi, ushahidi, swali, na zoezi jipya. Mzunguko huo ukikatika popote, kinachobaki ni jasho bila maarifa au picha bila badiliko. Kwa shule za Nambambo na nyingine zenye hali kama yake, kizuizi kikubwa si ukosefu wa mitambo bali ni kuuona uwanja kama mahali pasipohitaji andalio. Utafiti unaofuata unaweza kuhesabu, kwa mbinu ya Gallimore na Tharp, ni sehemu gani ya maneno ya walimu wa michezo katika maandalizi ya UMISSETA inabeba taarifa ya kufundisha. Kazi hiyo inahitaji kalamu, daftari na subira, na matokeo yake yangewasaidia wanafunzi ambao kwa sasa huachwa katika mchujo kabla hawajafundishwa.